Aikande, Paladini wa Kiboriloni

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata kiti!

Mvua imeanza leo mchana, na imenikuta Kiboriloni kwa mama mdogo Gladness, ambaye ni fundi cherehani. Kwenye chumba cha nyuma, juu ya meza yake ya kukatia nguo, dada Joyness, mtoto wake, na wenzake wanacheza ule mchezo ambao nimekuwa nauchungulia tangu Januari nikijifanya natafuta uzi. Si drafti wala karata. Aristides, yule kaka wa duka la stesheneri, anasimulia nchi ambayo haipo, nchi yenye mlima unaotema majivu, na kila mchezaji ana mtu wake ndani ya hiyo nchi. Unasema mtu wako anafanya nini. Halafu unatupa dadu lenye pande ishirini, nalo linasema kama umeweza au umeumbuka.

Leo Joyness amenivuta mkono, akasema, "Yuditha, ingia bwana. Hatuna mtu wa kusimama mbele, kila siku tunakufa kama kumbikumbi."

Nikaingia! Mimi!

Tuko wanne. Joyness ni mwizi. Jesse ni mpiga mishale; wazazi wake walikuja kutoka Singida kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, na sasa anakaa kwa dada yake hapa. Filemon wa darasa letu ni mchawi wa moto, na kwa mdomo ule hata dadu halihitaji. Mimi nitakuwa paladini, yaani askari wa imani, mwenye deraya ya chuma na ngao, anayepata uwezo wake kutokana na kiapo.

Aristides ana sheria mbili. Mtu wako akifa unanyanyuka, kiti kinakwenda kwa anayesubiri, na wanaosubiri hawakosekani dirishani. Ya pili: maneno ya mtu wako unayasema wewe kwa mdomo wako. Hiyo ya pili inaweza kuniua kabla ya maadui.

Mara ya mwisho kusimama mbele za watu ilikuwa kanisani, somo la kwanza. Nilifungua mdomo, nikaona vichwa vyote vile, na hakikutoka kitu. Katekista akaja kulisoma yeye. Tangu siku hiyo watu wananisalimia kwa upole, kama mgonjwa. Pale mezani hakuna aliyenisalimia kwa upole. Nakitaka kile kiti kuliko kitu chochote mwaka huu.

Jumatatu, 10 Machi

Namtengeneza. Jina lake Aikande. Kitabu cha sheria ni cha Kiingereza, nakisoma chini ya dawati kipindi cha jiografia na kukigeuza kwa Kiswahili pembeni. Kuna alama za kugawa kwenye mambo sita: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara na Haiba. Nimejaza Nguvu. Nimejaza Ustahimilivu ili asife. Zilizobaki nimezisambaza kidogo kidogo, na Haiba nimeipa ya mwisho kabisa. Ukiwa na haiba utaambiwa uongee. Aikande atanyamaza na kupiga.

Jumamosi, 15 Machi

Aibu. Aibu tupu.

Maadui, askari na majini kwenye meza ile ni vifungo. Mama mdogo ana makopo matatu ya vifungo. Aikande ni kifungo cha shaba cha koti la shule, na amependeza. Lakini kumbe paladini anachota karibu kila kitu kwenye haiba! Baraka zake, maombi yake, ulinzi anaowapa wenzake, vyote. Nimejaribu kubariki, dadu likatoa saba, nikaongeza haiba yangu, ambayo haiongezi, inapunguza. Aristides akasema, "Mbingu hazijasikia."

Filemon akacheka mpaka akashika meza. "Huyu siyo paladini jamani, ni kabati. Kabati la chuma limesimama mlangoni."

"Muache," Joyness akasema.

"Namsifia! Kabati zuri, lina rafu."

Nimebaki na uhai wa tone moja. Sijasema neno zima mchana wote zaidi ya "napiga" na "napiga tena".

Jumatatu, 17 Machi

Shuleni, mbele ya watu: "Kabati, shikamoo!" Nikaangalia viatu.

Jumamosi, 22 Machi

Karibu tufukuzwe. Filemon alikuwa amesimama, anapiga kelele kushinda mvua kwenye bati: "Mchawi wangu anateketeza kijiji chote cha mapepo!" Mlango ukafunguka. Mama mdogo, futi ya kupimia shingoni, mkasi mkononi.

"Mchawi wa nani? Kwenye nyumba yangu?"

Jesse akajaribu. "Mama, siyo mchawi mchawi."

"Kwani wako wa aina ngapi?"

Ikabidi Aristides aeleze kila kitu tangu mwanzo, kwa heshima zote, huku mama mdogo akigeuza kile kifungo changu cha shaba kama anayetafuta hirizi. Mwisho akasema sawa, ila hilo neno halitamkwi tena chini ya bati lake. Kuanzia leo Filemon ni fundi wa moto. Amenuna. Nimefurahi sana, Mungu anisamehe.

Jumatano, 26 Machi

Nimepita dukani kwa Aristides nikiwa na karatasi ya Aikande imelowa pembeni. Nilipanga maneno njia nzima na bado nikaishia kuiweka tu juu ya mashine ya kutolea kopi. Akaisoma, akatikisa kichwa.

"Umegawa alama kama pipi za komunyo ya kwanza, kila mtoto moja moja. Paladini anataka mbili zilizosimama. Nguvu ya kupigia, haiba ya kila kitu kingine. Ustahimilivu wa wastani unatosha, deraya ipo. Akili mwachie kidogo tu, hafanyi mtihani."

Akaendelea, na mimi nikawa naandika nyuma ya daftari la fizikia. Pigo takatifu usilimwage kwa kila panya. Liweke mpaka dadu litoe ishirini, hapo lishushe lote. Mkono wa uponyaji usiutumie kufuta mikwaruzo; mwinue aliyeanguka, maana mtu aliyesimama na tone moja bado anapiga. Na usikimbilie mbele peke yako. Akishakula kiapo, paladini anawakinga wote waliosimama karibu naye, wanachukua haiba yake kama koti.

"Paladini wa peke yake ni askari wa kawaida aliyevaa vizuri," akasema.

Nikamwambia (niliongea!) kwamba haiba siwezi, mimi siongei.

"Nani alikwambia haiba ni kelele? Filemon ana kelele. Haiba yake ni nane."

Nilicheka mpaka mteja akageuka. Ameniruhusu kupanga upya alama kabla ya kiapo. Kiapo ni Jumamosi baada ya Pasaka, nitakitunga mwenyewe na kukisema mbele ya meza, kwa sauti. Nikishindwa kukisema, Aikande anabaki kabati.

Jumamosi, 5 Aprili

Joyness ameiba ufunguo wa daraja la majivu. Jesse amepiga ishirini mbili mfululizo, akazunguka meza akicheza. Sijafa.

Jumatano, 9 Aprili

Nimeandika kiapo kwa Kiingereza. Kinasikika kama insha ya Form Three ya "My Best Friend". Nimechana.

Jumapili, 13 Aprili

Sikukuu ya Matawi. Mvua imelowesha hata matawi. Kiapo cha pili, cha Kiswahili, kimejaa "nitailinda haki na ukweli milele". Joyness kakisoma akasema ni kizuri, kama tangazo la benki. Nimechana.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili, Mkuu

Tuko Mkuu, Rombo, kwa bibi Epifania tangu Ijumaa Kuu. Udongo umeganda kwenye viatu kama kiatu kingine. Nimekula mtori wa ndizi na nyama mpaka nikahema. Kirombo cha bibi nakielewa chote ila ulimi wangu unagoma, kwa hiyo yeye anasema Kirombo, mimi najibu Kiswahili, na kila mtu anamwona mwenzake mkaidi.

Lakini leo! Ngoja niandike vizuri.

Bibi ana ugomvi na jirani yake, mzee Ambrosi. Ng'ombe wa Ambrosi alivunja uzio akala migomba michanga ya bibi, na bibi alipolalamika, yule mzee akamwita mchoyo mbele ya watu kwenye kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Tangu Februari hawasalimiani. Ijumaa kanisani bibi alihama benchi.

Leo asubuhi tulikuwa jikoni tunachambua maharage. Uani akatokea kaka mkubwa wa Ambrosi, mbele, ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Nyuma yake Ambrosi mwenyewe, kofia mkononi, hana fimbo wala mwavuli, mvua inamtiririka. Masale nimeyaona maisha yangu yote, si ndiyo yanayozunguka kihamba, shamba la ukoo, hata nimeyachuma kuchezea. Sikuwahi kuona yakifanya kazi.

Hakuna aliyehutubia. Yule kaka akasema maneno machache kwa Kirombo, kwamba mdogo wake amekosa na amekuja. Bibi akamwangalia Ambrosi muda mrefu, mpaka nikamwonea huruma. Kisha akafuta mikono kwenye kanga, akanyoosha, akalipokea. Basi. Mbege ikaletwa. Baada ya muda walikuwa wanabishana kuhusu bei ya kahawa kama vile hakuna kilichotokea.

Walipoondoka nikamuuliza kama alikuwa amesamehe kweli.

"Nilipanga kumnunia mpaka Krismasi," bibi akasema. "Kaniwahi."

"Si ungekataa?"

"Isale halikataliwi."

"Hata kama moyoni bado?"

"Moyo nitaugombeza mwenyewe baadaye. Chambua maharage."

Nikauliza kwa nini kaka yake ndiye aliyetangulia. Akaniona mjinga kidogo, lakini akaeleza: lazima awepo wa kati, na mkosaji aje mikono mitupu, na jani liende kwa aliyekosewa. "Ambrosi angempelekea padri lile jani, lingekuwa mboga tu."

Bibi alisema maneno mangapi pale uani? Karibu hakuna, na uwanja mzima ulikuwa wake! Hiyo ndiyo haiba. Aikande anaonekana sasa, namuona mpaka miguu yake yenye tope.

Jumamosi, 26 Aprili

NIMESEMA.

Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba Aristides alisema, "Tukisubiri ipungue?" Nikasema hapana. Nikijipa nafasi ya kusubiri nitasubiri mpaka Julai. Nikasimama. Filemon alikuwa ameweka kidevu mkononi, tayari kwa burudani. Sikuangalia uso wowote, niliangalia kile kifungo cha shaba.

"Mimi Aikande. Nitasimama karibu na wenzangu mpaka mwisho. Sitampiga aliyeweka silaha chini. Na atakayeleta isale, isale halitakataliwa mbele yangu."

Sauti ilitetemeka kwenye "mpaka", lakini ilitoka, ikashinda bati! Joyness alikuwa ameshika mdomo. Jesse, ambaye si wa huku, akauliza isale ni nini, na tukaanza kumweleza wote kwa pamoja, hata Filemon, ambaye alisema babu yake aliwahi kuletewa akalia.

Aristides akatabasamu, akaandika "kiapo kimekubalika". Haiba yangu sasa ndiyo ya juu kabisa kwenye meza. Mchezo wenyewe, sijui nianzie wapi. Moshi wa sumu ukaja, kila mtu atupe dadu kujinusuru, Jesse katoa nne, alikuwa amekwisha, halafu Aristides akasema, "Uko karibu na Aikande? Ongeza haiba yake." Akapona! Kwa sababu nilikuwa nimesimama pale tu!

Filemon akasogeza kifungo chake, bila kuangalia mtu, mpaka kikagusa changu.

Jumamosi, 3 Mei

Ishirini! Nimeshusha pigo takatifu lote juu ya joka la majivu, kifungo chake kikubwa cha kanzu kikaruka mpaka chini ya cherehani. Mama mdogo akaingia kuuliza nani amekufa. "Joka," nikamjibu mimi. Akasema vizuri, lipumzike, ila kifungo chake anakitaka leo.

Jumanne, 6 Mei

Mlima umejificha mawinguni wiki nzima. Jaribio la kemia, tusilizungumzie.

Jumamosi, 17 Mei

Tumefika lango la Mangi wa Majivu, mtawala wa nchi ile, aliyechoma vijiji vyote vya chini tangu mwanzo wa hadithi. Imebaki Jumamosi mbili kabla ya mitihani ya muhula, na Aristides anasema hadithi itaishia hapo, tupende tusipende.

Tukiwa tunaondoka Filemon alinikuta mlangoni. "Unajua kwa nini fundi wangu anamtaka huyu Mangi?" Kumbe kwenye karatasi yake ameandika mtu wake alikuwa na mtoto, na nyumba ikachomwa. Hajawahi kusema, anatania tu. Nilidhani mdomo ule hauna kitu nyuma yake.

Jumamosi, 24 Mei

Nimekufa.

Ninachosikia si huzuni. Sijui ni nini. Niandike yote.

Vita vilianza saa nane mchana. Niliwaweka wote karibu, mgongo kwa mgongo, kama Aristides alivyonifundisha. Jesse alianguka, nikamwinua kwa uponyaji wangu wa mwisho. Joyness akakata kamba za ngao ya Mangi. Filemon akamchoma mara mbili. Mangi akabaki na uhai mdogo, na mimi pia. Kila mtu amesimama, viti vimeanguka.

Ndipo Aristides akabadilisha sauti, akaiteremsha kabisa. "Mangi anaingiza mkono chini ya vazi. Mkono mwingine bado umeshika mkuki. Anatoa isale. Anamnyooshea Aikande."

Mvua tu ikasikika kwenye bati.

"Usipokee!" Joyness akapiga kelele. "Ni mtego!"

"Kiapo chake," Aristides akasema. "Akikataa, uwezo wote unaondoka. Akipokea, Mangi amesamehewa na anatoka mlangoni."

"Umemtegea, mangi wewe," Jesse akamwambia Aristides. "Ndiyo maana ulitabasamu siku ile."

Wote wakaniangalia. Vichwa vyote, kama kanisani. Na mimi nilikuwa namuona Ambrosi na mvua kwenye kichwa chake kitupu, nikajua kabisa kwamba Aristides amekosea. Amekulia Pasua, mjini. Analijua jani, hajawahi kuona linavyoletwa.

"Hapana," nikasema. "Haliletwi hivyo."

"Vipi?"

"Kaka Aristides, isale haliji na mkuki. Aweke chini kwanza, mikono mitupu. Na haji peke yake, lazima awe na wa kati. Halafu mimi hajanikosea. Amewakosea waliochomewa. Akinipa mimi, hiyo ni mboga tu." Maneno yalikuwa yanakuja yenyewe, sikuyapanga njiani! "Silikatai. Nasema hivi: Mangi, weka mkuki. Mimi ndiye wa kati. Nitatangulia, wewe utanifuata, tutashuka mpaka kijiji cha kwanza ulichochoma, na utalitoa pale, mbele ya wenye majivu yao."

Aristides akakuna shavu. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyeshindwa akafurahi. "Tupa. Haiba."

Dadu likatoa tisa. Tisa! Kwa ile karatasi ya Machi ningekuwa nimeumbuka. Nikaongeza haiba yangu, ikavuka kwa moja.

"Mkuki unaanguka," Aristides akasema.

Tulipiga kelele! Halafu nikaona Filemon hapigi. Zamu ilikuwa yake.

"Samahani, Yuditha," akasema taratibu, na ilikuwa mara ya kwanza aniite jina langu tangu Machi. "Mtu wangu hana kiapo. Amemzika mtoto. Anatupa moto."

Hakuna aliyemlaumu. Hata mimi, nilimwelewa kabisa, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Akatupa dadu, likapata. Paladini anaweza kusimama mbele ya pigo la aliye karibu naye, likamwangukia yeye. Aliye karibu nami alikuwa Mangi, hana mkuki, ana jani.

"Aikande anasimama mbele," nikasema.

"Una uhai wa vidole vya mkono mmoja," Aristides akasema. "Unajua sheria ya kiti. Una uhakika?"

Nilikiangalia kiti changu. Kina mguu mmoja uliofungwa kwa kitambaa cha sare. Nakipenda kile kiti.

"Nina uhakika. Nilisema sitampiga aliyeweka silaha, na sitakaa pembeni akipigwa."

Filemon akahesabu moto wake kwa sauti ndogo. Ulizidi mara tatu. Nikachukua kifungo cha shaba mwenyewe, nikakilaza. Nikanyanyuka. Denis, mdogo wake Jesse, aliyekuwa dirishani tangu Pasaka, akaingia amelowa na kuogopa hata kukaa.

Jumapili, 25 Mei

Nililia baada ya Misa, kidogo, chooni. Kisha nikakumbuka "haliji na mkuki" na nikacheka huko huko chooni.

Filemon alinisubiri nje ya kanisa. "Nimemwomba Aristides akurudishie kiti. Kakataa, mjinga yule."

"Amefanya sawa."

"Moto ule nisingetupa..."

"Ungetupa. Mimi ningekuwa wewe ningetupa."

Akapiga teke jiwe. "Kabati," akasema, lakini alilisema kama cheo.

Jumatano, 28 Mei

Aristides amenisimamisha mbele ya duka lake. Mangi bado yuko hai, ana jani mkononi, na Jumamosi wenzangu watamteremsha kwa sababu ndilo neno langu la mwisho. "Tatizo," akasema, "mimi nitakuwa Mangi. Siwezi kuwa Mangi na wakati huo huo kuwa wale waliochomewa. Nitajionea huruma. Nahitaji mtu wa kuwa kijiji."

"Kijiji kizima?"

"Wazee, wanawake, watoto, mwenye kilabu. Wote wana la kumwambia huyu mtu kabla ya kuamua. Huna kiti. Utasimama."

Nilipaswa kuogopa. Nilirudi nyumbani nakimbia kwenye tope, nikawa nawaona mmoja mmoja: bibi aliyepoteza kihamba, kijana anayetaka damu, mtoto anayeuliza kama moto unarudi.

Jumamosi, 31 Mei

Jua. Bati kimya. Nimesimama mchana mzima, nikiwa kijiji kizima.

Jumapili, 1 Juni

Sauti imekauka yote. Nikifungua mdomo unatoka upepo tu. Mama amenichemshia tangawizi, ananishangaa, maana hajawahi kuniona nimeishiwa sauti kwa kuitumia.

"Jana kule kwa Gladness ulikuwa unagombana na nani?"

Nikatikisa kichwa.

"Ulikuwa unaimba?"

Nikatikisa tena. Nikachukua kalamu, nikamwandikia pembeni ya gazeti: nilikuwa watu wengi, mama, na bibi mmoja amekataa kabisa kunyamaza.